Nyama mbichi kwa mbwa anayechafuka tumbo: kipi kinafaa kati ya vinavyouzwa Kigoma

Mbwa anayeharisha kila baada ya siku chache, anayetapika povu la njano alfajiri na kuacha nusu ya ugali wake kwenye sufuria, mwenye naye lazima ataambiwa na mtu: "Mpe nyama mbichi, atapona." Ushauri huo una ukweli ndani yake, ila umefupishwa mno. Hapa kwetu ufupisho huo unaweza kumletea mbwa maradhi mapya na kuiingizia nyumba minyoo ambayo haikuwamo.

Tathmini hii inapitia vinavyopatikana kweli Kigoma mjini: nyama ya ng'ombe ya bucha, viungo vya ndani, kuku wa kisasa na dagaa wa mwalo wa Kibirizi. Hukumu yangu naitanguliza. Mnofu wa ng'ombe usio na mafuta unafaa kuliwa mbichi. Maini, figo, bandama na mapafu visipite mdomoni mwa mbwa bila kupikwa. Kuku mbichi asiwe wa kuanzia. Dagaa ni wazuri kwa kiasi kidogo, wakishatolewa mchanga. Na lile fungu la mabaki linalowekwa pembeni ya kaunta kwa ajili ya wenye mbwa, liache hapo hapo lilipo.

Kabla ya kwenda bucha

Peleka kwanza kinyesi kibichi cha asubuhi kwa daktari wa mifugo. Safura na minyoo ya mviringo hulainisha kinyesi, hukitia ute na wakati mwingine damu. Giardia, kijidudu cha utumbo kisichoonekana kwa macho, huleta kinyesi laini chenye harufu kali, kinachotengemaa siku mbili kisha kinaharibika tena. Mbwa wa namna hiyo hata umlishe sarara hatapata nafuu. Fenbendazole, dawa ya minyoo, hutolewa miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku, siku 3 mfululizo. Praziquantel kwa ajili ya tegu ni miligramu 5 kwa kilo, mara moja. Uzito usikisiwe: mbebe mbwa, panda naye kwenye mizani, kisha toa uzito wako. Dozi pungufu huacha minyoo hai. Baada ya dawa ngoja wiki moja bila kubadilisha chakula, uone kama hali inatulia yenyewe. Wako mbwa ambao tatizo lao linaishia hapo, na bucha hawahitaji.

Anayekonda huku ufizi umekuwa mweupe na ana homa, damu yake ipimwe. Kupe huambukiza magonjwa yanayofanana na njaa kwa mtazamaji, na anayeishi karibu na mapori ya mbung'o akumbuke nagana pia, ugonjwa unaoletwa na mbung'o hao.

Kisha chunguza sufuria yake ya sasa. Ugali wenyewe si sumu. Mbwa humeng'enya wanga uliopikwa ukaiva vizuri. Lawama nyingi zinazobebeshwa ugali ni za vitu vilivyoumwagikia: mawese, mchuzi wenye vitunguu, chumvi ya dagaa, mafuta ya kukaangia samaki. Vitunguu maji na vitunguu saumu huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa, vikiwa vibichi au vimepikwa. Mafuta mengi kwa mlo mmoja yanaweza kuwasha kongosho, na kongosho likishawaka mbwa hujikunja mgongo, hutapika na kukataa chakula. Mji wa mawese kama huu, hilo ndilo la kutazamwa mwanzo.

Bucha: mnofu wa ng'ombe

Hiki ndicho ninachokipa alama ya juu, kwa sharti la namna ya kununua. Nenda asubuhi, nyama ikiwa bado inaning'inia, na utazame muhuri wa wino wa mkaguzi. Nyama isiyo na muhuri, ya kibudu, au iliyopatikana kwa njia ya panya, usiiguse hata kwa mbwa. Mnyama aliyekufa mwenyewe anaweza kuwa na kimeta, na anayekichukua mara nyingi ni binadamu anayemchuna na kumkata.

Agiza hivi: "Kaka, nikatie steki ya paja, toa mafuta yote, usinisagie." Paja lina mafuta machache. Kidari na mbavu vina mafuta mengi, na nundu ya ng'ombe wetu ni nyama iliyochanganyika na mafuta mengi. Vipande hivyo ndivyo huishia kwenye fungu la mabaki, na ndiyo maana mbwa aliyeanzishwa na fungu hilo huharisha usiku ule ule, halafu mwenye mbwa akatangaza kwamba nyama mbichi haimfai. Nyama haikuwa na kosa, ni mafuta yaliyomharisha. Kosa jingine la fungu hilo ni kwamba limekaa kwenye joto tangu asubuhi na limekatwakatwa kwa visu vilivyogusa utumbo.

Kusagiwa kunakatazwa kwa sababu moja. Kwenye kipande kizima cha mnofu, bakteria wako zaidi juu ya uso wa nyama. Mashine ya kusaga huwachukua wale wa juu na kuwasambaza ndani kote, pamoja na waliobaki mashineni kutoka kwa mteja aliyetangulia. Kipande kizima unaweza kukisafisha nyumbani: chemsha maji mengi yatokote, zamisha kipande chote kwa sekunde 30 hadi 60, kitoe. Utaona ngozi ya kijivujivu nyembamba kama karatasi imejitokeza pande zote, na ukikikata katikati bado ni chekundu na baridi. Hapo ndipo ukikate vipande vidogo, kwa kisu kisafi na ubao mwingine. Hatua hii haiondoi hatari yote, lakini inaipunguza sana mahali ilipo kubwa.

Koo la ng'ombe nalo huuzwa rahisi na wenye mbwa hulipenda. Likiwa bado na tezi ya shingo, homoni ya tezi hiyo huingia kwenye damu ya mbwa, naye akaanza kukonda, kuhema na kunywa maji kupita kiasi. Kama huwezi kuitambua tezi hiyo na kuiondoa, usinunue koo.

Namna ya kumhamisha

Kosa linaloharibu kazi hii ni kubadilisha mambo matatu kwa mpigo: nyama mpya, mafuta mapya, na kuacha kupika. Mbwa akiharisha hujui ulaumu kipi. Tenganisha. Kwanza badilisha aina ya chakula kikiwa kimepikwa. Tumbo likitulia ndipo uanze kupunguza kupika.

Mfano ni mbwa mzima wa kilo 15. Kipimo cha kuanzia ni asilimia 2 hadi 3 ya uzito wake kwa siku, yaani gramu 300 hadi 450. Chukua 375, ambayo ni robo tatu ya nusu kilo, ugawe mara tatu kwa siku katika majuma ya mwanzo. Tumbo lililochoka hulemewa na mlo mmoja mkubwa.

Siku ya 1 hadi ya 5: steki iliyochemshwa bila chumvi na wali ulioiva hadi kuvunjika, nyama sehemu moja kwa wali sehemu mbili. Mchuzi uache upoe, uondoe mafuta yaliyoganda juu, ndipo umnyweshe.

Siku ya 6 hadi ya 12: punguza wali kidogo kidogo mpaka uishe, ukiongeza nyama hiyo hiyo. Weka vijiko viwili vya chakula vya boga lililochemshwa na kupondwa. Nyuzi zake hushika kinyesi. Hapa ndipo utajua kama nyama ya ng'ombe inamfaa. Tumbo likiwa linakataa protini fulani, mabadiliko huonekana ndani ya wiki mbili hivi. Akiwa bado anaharisha juu ya ng'ombe aliyepikwa, kumpa ng'ombe huyo huyo mbichi hakutamsaidia. Jaribu mbuzi, kwa utaratibu huo huo kuanzia mwanzo.

Siku ya 13: robo ya nyama iwe ile iliyozamishwa tu. Kaa hapo siku 3. Kisha nusu, siku 3. Kisha robo tatu, siku 3. Siku ya 22 yote. Kinyesi kikilegea, rudi hatua moja nyuma kwa siku 3, na usiongeze kitu kingine chochote ili "kumsaidia". Anayetapika povu la njano asubuhi, mara nyingi ni tumbo tupu la usiku mrefu: kata kipande kidogo cha mlo wake wa jioni umpe kabla hujalala.

Yupo mbwa anayetulia kabisa kwenye hatua ya kupikwa na kuyumba kila anapofika kwenye mbichi. Muache kwenye kupikwa. Kilichomtibu ni protini moja, mafuta kidogo na mlo wa saa maalumu, na hivyo vyote sufuria inavitoa. Sioni faida ya kumlazimisha.

Chokaa ya mwili

Mnofu peke yake hauna kalsiamu ya kutosha, na una fosforasi nyingi. Mbwa aliyelishwa steki tupu kwa miezi huchota kalsiamu kwenye mifupa yake mwenyewe. Kwa watoto wa mbwa ni mbaya zaidi: miguu hupinda na mifupa huvunjika kwa kuruka tu.

Wanaofuata mtindo wa mbichi, uliovumishwa tangu 1993 na daktari wa mifugo wa Australia Ian Billinghurst, hutumia mifupa mibichi, kwa hesabu maarufu ya asilimia 80 mnofu, 10 mfupa, 5 ini na 5 kiungo kingine kama figo. Kwa tumbo la kuchafuka naona maganda ya mayai yanashinda mifupa, maana unayapima kwa kijiko. Yachemshe dakika 10, yaanike yakauke kabisa, yatwange kwenye kinu au blenda mpaka yawe unga kama wa ngano. Ukisugua unga huo kati ya vidole na ukasikia chembe za kukwaruza, rudisha kinuni. Kijiko kimoja cha chai, cha kusawazishwa, kinatosha kilo moja ya mnofu. Kwa gramu 375 ni kama theluthi ya kijiko na kidogo.

Ukiamua mifupa siku za baadaye, iwe laini na mibichi. Mfupa uliopikwa hupasuka vipande vikali vinavyochoma utumbo. Mfupa wa paja la ng'ombe, mbichi au la, huvunja meno.

Viungo vya ndani: hapa hakuna maelewano

Ini lina vitamini A, shaba na vitamini za kundi B kuliko kitu kingine chochote kaunta nzima, na mbwa anahitaji kidogo tu: kwa yule wa kilo 15, gramu 19 za ini na 19 za figo au bandama kwa siku, zikichukua nafasi ya kiasi hicho hicho cha mnofu. Anza wiki ya nne, kwa kipande kama ukucha wa kidole gumba. Ini likizidi huharisha, na likizidi kwa miezi vitamini A hujikusanya ikaumiza viungo na mifupa.

Sababu ya kupika ni tegu anayeitwa Echinococcus. Ng'ombe, mbuzi na kondoo hubeba vifuko vyake vya maji kwenye ini na mapafu. Mbwa akila kifuko kibichi, matokeo yake ni maelfu ya tegu wadogo wa milimita chache ndani ya utumbo wake, naye haonyeshi dalili. Baada ya wiki kama sita hivi wanaanza kutoa mayai. Mayai hutoka na kinyesi, hushika kwenye manyoya, kwenye mchicha wa bustani, kwenye mikono ya mtoto anayecheza na mbwa. Kwa binadamu hugeuka vifuko kwenye ini au mapafu, vinavyokua polepole kwa miaka na mara nyingi huishia kwenye upasuaji.

Kwa hiyo lipasue ini vipande vya unene wa kidole, litazame. Kifuko huonekana kama lengelenge jeupe lenye maji safi, kimebana ndani ya nyama, ukikibonyeza kinanesa. Ukikiona, ini lote lizikwe ndani sana au lichomwe, lisitupwe jalalani ambako mbwa wa mtaa watalifikia. Hata lisiloonyesha kitu, lichemshe dakika 30 na zaidi mpaka katikati pabadilike rangi. Friza yenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 10 huua vifuko hivyo, lakini friza inayozimika na umeme na kuwaka tena siitegemei kwa kazi hii. Mbwa yeyote anayekula nyama mbichi apewe praziquantel kila wiki sita.

Kichwa cha mbuzi kibichi kimo kwenye katazo hili pia, kwa sababu ubongo hubeba vifuko vya tegu mwingine. Utumbo usiooshwa, unaosifiwa sana na wapenzi wa mbichi, siupendekezi kwa tumbo dhaifu: umejaa samadi, na samadi ndimo bakteria walimo.

Kuku na dagaa

Kuku wa kisasa ana nyama laini na mifupa laini, ila nyama yake mbichi hubeba bakteria wa Salmonella na Campylobacter mara nyingi, na kumzamisha kwenye maji ya moto hakusaidii kwa sababu ya ngozi na mikunjo yake. Mpike, toa mifupa yote, ondoa ngozi. Firigisi zilizochemshwa ni nzuri na zina mafuta machache. Alama ya kati.

Dagaa ni jambo jingine. Hapa Kigoma tunao mlangoni, na siku mwalo wa Kibirizi ukiwa na samaki unapata wabichi kabisa. Humpa mbwa omega-3 na vitamini D, ambavyo steki haina vya kutosha. Gramu 30 hadi 40 mara mbili kwa wiki zinamtosha wa kilo 15, kuanzia wiki ya tano. Wachemshe dakika chache: samaki wa jamii hii baadhi yao wana kimeng'enya cha thiaminase kinachovunja vitamini B1, na moto hukiharibu. Mifupa yao ni laini hata wakipikwa.

Waliokauka ndio wenye kuleta shida, nayo ni mchanga. Walioanikwa kwenye chanja ni safi zaidi kuliko walioanikwa chini. Jaribio lake ni rahisi: weka konzi moja kwenye bakuli la maji, tikisa, ngoja dakika mbili, watoe dagaa kwa mkono bila kumwaga maji, halafu inamisha bakuli. Mchanga utajipanga chini kama mstari wa kijivu. Rudia mpaka mstari usionekane. Kisha loweka dakika 20 kupunguza chumvi. Mchanga huo ndio unaokwaruza utumbo na kuleta kinyesi chenye ute, na wengi hudhani mbwa hapatani na samaki. Wenye chumvi nyingi waache kabisa. Mgebuka ni mzuri pia, lakini mifupa yake ni migumu, atolewe minofu.

Kinyesi kinavyosema

Kikiwa cheupe na kinavunjika kama chokaa, ganda la yai au mfupa umezidi. Kikiwa na ute kama wa yai bichi, umekwenda haraka au mafuta yamezidi. Kikielea mafuta na rangi ya manjano iliyopauka, simamisha yote na umwone daktari, kongosho linashukiwa. Cheusi cha kunata kama lami kinaweza kuwa ini limezidi, lakini kinaweza pia kuwa damu kutoka tumboni: punguza ini leo, na kesho kikiwa bado hivyo usingoje. Mtoto wa mbwa anayetapika na kuharisha damu apelekwe saa ile ile. Huenda ni parvo, ugonjwa wa virusi, na kujadili chakula ni kumpotezea muda.

Chama cha madaktari wa mifugo Marekani, AVMA, tangu 2012 kinashauri mbwa wasipewe nyama mbichi, na sababu yake kubwa ni Salmonella anayeweza kutoka na kinyesi cha mbwa mzima wa afya akawafikia watu. Nyumba yenye mtoto chini ya miaka mitano, mjamzito, mzee dhaifu au mtu ambaye kinga yake imeshuka, ibaki kwenye kupika. Vivyo hivyo mbwa aliyewahi kuugua kongosho, mwenye figo mbovu, au anayetumia dawa za kushusha kinga.

Asiye na friji anunue kila asubuhi, azamishe nyama, ampe mbwa ndani ya saa mbili. Mlo wa jioni wa siku hiyo uwe uliopikwa. Mwenye friza agawe gramu 375 kwa kila kopo lenye mfuniko, na ayeyushe kwenye rafu ya chini ya friji, kamwe si barazani. Chakula kilichobaki baada ya dakika 30 kiondolewe. Sufuria ya mbwa ioshwe kwa maji ya moto na sabuni, kwenye beseni lake, mbali na vyombo vya watu. Kinyesi kiende chooni au kifukiwe mbali na bustani. Na mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa hiyo kila unapokaribia Mei nunua dagaa wa chanja mapema, wakaushe tena juani siku moja, wafunge kwenye ndoo kavu yenye mfuniko. Sado moja inamtosha mbwa wa kilo 15 kipindi hicho chote.